Friji inayoua betri za injini: namna ya kufunga betri ya ziada kwenye lori la volti 24

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, makazi yangu Mafinga. Napakia mbao Sao Hill, na mara mbili kwa mwezi nina mzigo wa kuvuka Tunduma, ambako tunaweza kukaa foleni siku mbili au tatu. Lori ni la volti 24, lina betri mbili za N150 (ampea-saa 150). Mwaka jana fundi alinifungia friji ndogo ya volti 12, redio na taa ya kulalia, na waya wa moto akauchukua kwenye betri mojawapo kati ya zile mbili. Tangu hapo nimenunua betri mpya mara mbili ndani ya miezi minane, kila mara moja moja, na nikilala Makambako msimu huu wa baridi gari haliwaki asubuhi mpaka nibustiwe. Nina betri ndogo ya N70 iliyotoka kwenye pikapu ya shemeji, nataka iwe ya friji peke yake. Niiungeje ili isinyonye betri za injini? Je, nikiweka inverta naweza kuchemshia maji ya chai? Tajiri ameridhia kazi ifanyike."

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujafikiria betri ya tatu, ondoa kwanza ule waya uliochukuliwa kwenye betri moja, kwa sababu ndio uliokugharimu betri mbili, na ukiifunga hiyo N70 huku waya huo ungali mahali pake, utakuwa umeongeza betri ya tatu kwenye msiba uleule.

Lori lako lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, yaani chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine, na volti zake zinajumlishwa kuwa 24. Tuiite "ya chini" ile ambayo hasi yake imeshikwa na chasisi, na "ya juu" ile ambayo chanya yake inakwenda kwenye stata. Fundi wako alihitaji volti 12, akazikuta tayari kati ya chasisi na chanya ya betri ya chini, akaunga. Friji ikawaka, redio ikaimba, ukamlipa. Kwa usiku mmoja hakuna ubaya wowote ambao ungeweza kuuona, maana friji ndogo, tuseme ya wati 45, inayofanya kazi nusu ya muda, pamoja na redio na taa, haitumii hata robo ya N150 iliyojaa.

Ubaya unaanza asubuhi, gari likishawaka. Alterneta huzichaji betri zote mbili kwa mkupuo mmoja, ikisukuma umeme uleule upite kwenye moja kisha kwenye nyingine, na kidhibiti chake kinatazama jumla peke yake. Kikiona volti 28 hivi, kinaamini kazi imekamilika na kinapunguza nguvu. Hakina namna ya kujua kwamba ya juu imeamka imeshiba na ya chini imeamka na njaa. Betri iliyojaa hupandisha volti zake upesi na yenye njaa huchelewa, kwa hiyo jumla inapofika 28, ya juu inaweza kuwa imejichukulia 15 na ya chini imebakiwa na 13. Volti 15 kwa betri ya maji ni kuichemsha: maji yake yanageuka gesi na kutoka kwenye vifuniko. Volti 13 kwa betri yenye njaa ni kuionjesha tu, haijai hata ukiendesha kutwa nzima. Usiku unaofuata friji inakula tena kwenye ile ambayo haikujaa, na pengo linapanuka.

Mwezi wa tano tulipokea lori lenye dalili kama zako hapa Uyole, Mbeya. Nilipima injini ikinguruma: jumla ilikuwa volti 28.0, ya juu 15.1, ya chini 12.9. Nilipofungua vifuniko vya ya juu, vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vimekauka mpaka mabamba ya risasi yanaonekana, na dereva akaniambia kwamba alikuwa akiongeza maji kila wiki akidhani boksi lina ufa. Ya chini ilikuwa na maji hadi shingoni, lakini mabamba yake yalikwisha kuingia lile ganda jeupe la salfeti ambalo hujijenga betri ikikaa muda mrefu bila kujazwa, na ambalo likishakuwa gumu halitoki kwa chaji ya kawaida. Betri mbili za umri mmoja zilikufa kwa magonjwa mawili yaliyo kinyume, na chanzo chake ni waya mmoja mwembamba mwekundu.

Ulipokuwa ukinunua betri moja moja, nadhani kwa nia njema ya kubana matumizi, uliongeza tatizo juu ya tatizo. Betri mpya na kuukuu zikifuatana hazichajiki sawa hata kama hakuna friji, kwa sababu kila moja ina njaa yake. Betri za lori la volti 24 hununuliwa mbili kwa siku moja, za ukubwa mmoja na za kiwanda kimoja. Kabla ya kununua tena, pima ulizo nazo baada ya kuondoa waya wa friji na kuzichaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12 mpaka ijae. Ziache saa 12 bila kuguswa, kisha uzipime. Betri nzima ya risasi iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi, na ikiwa chini ya 12 ilhali imetoka kwenye chaja jana, usiihurumie. Zikipishana kwa zaidi ya volti 0.2 au 0.3, hazifai kukaa pamoja.

Baridi ya Makambako inaingia katika hesabu hii, ingawa haina hatia kama madereva wengi wanavyoisingizia. Betri ikipoa, kemia yake inakuwa nzito na haitoi umeme kwa nguvu ileile, wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito na stata inadai umeme mwingi zaidi kuliko inavyodai ukiwa Dar es Salaam au Morogoro. Betri yenye afya inalimudu hilo hata Kitulo, ambako mwezi wa sita na wa saba jani huamka na barafu. Iliyobakiwa na nusu ndiyo inayoishia kusema "tk, tk" asubuhi.

Sasa tufanye hesabu ya matumizi, kwa sababu betri hununuliwa kwa hesabu na si kwa ukubwa wa boksi. Friji ya wati 45 ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa 24 hutumia wati-saa 540. Taa ya kulalia, redio na simu mbili, yako na ya utingo, tuzipe wati-saa 100. Jumla ni 640 kwa siku nzima uliyoegesha, na ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 53. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu mara kwa mara kama unataka idumu. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 ina ampea-saa 50 za kutumia, ambazo ni pungufu kidogo ya siku moja ya Tunduma, lakini zinatosha usiku mmoja wa Makambako na kubaki, tena kule friji yenyewe hupumzika zaidi kwa sababu ya ubaridi. Mimi ningekushauri ya 150, ile inayotengenezwa kwa ajili ya sola.

N70 ya shemeji haifai kazi hii, na sababu si udogo wake peke yake. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba, ili itoe umeme mkubwa kwa sekunde chache halafu ijazwe papo hapo. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, mabamba hayo yanamomonyoka upesi, na kwa kuwa imekwisha kutumika kwenye pikapu, sidhani kama itamaliza miezi mitatu. Betri ya sola ina mabamba manene machache, haina papara ya kuwasha injini lakini inavumilia kushushwa na kupandishwa. Hiyo N70 ipeleke dukani unakonunulia mpya, maana wengi huipokea kwa uzito wake wa risasi na kukupunguzia bei. Asidi usiimwage shambani.

Tukija kwenye njia ya kufunga, mafundi wengi watakutajia rilei inayosoma volti, yaani swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe. Ni kifaa kizuri, nami nakifunga kila wiki: kwenye mfumo wa volti 24 huunganisha betri za injini na za ziada volti zinapopanda hadi 26.6 hivi, dalili kwamba alterneta inachaji, na huzitenganisha zikishuka hadi 25.6 hivi baada ya kuzima. Lakini rilei haibadilishi volti. Ukiitumia, upande wa ziada lazima nao uwe wa volti 24, maana yake betri mbili za ziada, na friji yako lazima ikubali volti 24. Tazama kibandiko kilicho nyuma ya friji, karibu na kompresa. Friji nyingi ndogo za magari zimeandikwa 12/24 na hujichagulia zenyewe. Kama yako ni mojawapo na una nafasi ya betri mbili, rilei ni njia nzuri, na rekebisho pekee ni kwamba waya utakuwa mnene zaidi kwa sababu rilei haiwekei umeme mpaka.

Kwa kuwa umesema friji yako ni ya volti 12 na unataka betri moja, njia yako ni chaja inayopokea volti 24 na kutoa chaji ya betri ya volti 12. Ningechukua ya ampea 20. Usiichanganye na konveta za redio zinazouzwa kila duka la vipuri. Konveta hupunguza volti tu. Haijui kama injini imezimwa, kwa hiyo usiku kucha itaendelea kunyonya betri za injini ikiimiminia betri ya friji, na utakuwa umerudi palepale. Chaja ya kweli hupandisha volti hadi 14.4 hivi mwanzoni, hushuka hadi 13.6 hivi betri ikijaa, na hukata yenyewe injini inapozimwa, ama kwa kusoma volti za upande wa 24, ama kwa waya mdogo unaoungwa kwenye swichi. Uliza swali hilo dukani kabla ya kutoa fedha: "Gari likizimwa, inakata?" Muuzaji akisitasita, mwombe karatasi yake uisome.

Faida yake nyingine ni kwamba haiichoshi alterneta. Ampea 20 kwenye volti 14.4 ni wati 288. Ukiongeza upotevu wa chaja, upande wa volti 28 unatoa ampea 12 hivi, mzigo usioshinda wa taa kubwa kwa mbali. Betri yenye njaa iliyounganishwa moja kwa moja kwa rilei, na hasa ya lithiamu, inaweza kudai ampea nyingi mno kwa saa nzima, na nimeshaona alterneta iliyoungua harufu hadi kabini. Kwa ampea 20, ampea-saa 50 ulizotumia usiku zinarudi kwa mwendo wa saa nne au tano, kwa sababu betri ya risasi ikikaribia kujaa hupokea polepole. Ukitoka Makambako alfajiri ukafika Tunduma jioni, na mzigo na foleni za mizani njiani, muda huo unao.

Umeme wa kuingia kwenye chaja unachukuliwa kwenye chanya ya betri ya juu na hasi ya betri ya chini, yaani ncha mbili za mwisho za jozi nzima. Kile kiungo cha katikati kinachounganisha betri mbili kisiguswe na waya mwingine wowote, si wa friji, si wa redio, si wa honi. Sisitiza hilo kwa fundi hata kama atakuona mjuaji.

Waya wa kuingia na wa kutoka kwenye chaja uwe wa shaba, wa milimita 6 kama maduka yanavyouhesabu. Chaja yenyewe iwekwe karibu na betri ya ziada, isizidi mita moja, kwa sababu upande wa volti 12 ndio unaoumia zaidi umeme ukipotea njiani. Nikupe mfano wa friji yako ya sasa. Inavuta karibu ampea 4 ikizunguka, na kama fundi alitumia waya wa taa wa milimita 1 kwa umbali wa mita 4, kwenda na kurudi ni mita 8, na waya huo unameza volti 0.6 hivi. Betri ikisoma 12.2, friji inaona 11.6, kompresa inashindwa kuanza, inajaribu tena, inashindwa, na wewe unasema friji ni mbovu. Kwa waya wa milimita 4 umbali huohuo unameza chini ya volti 0.2. Jihadhari na waya unaong'aa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa. Kwangua kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe urudishe.

Fyuzi ni sehemu ambayo sikubali mjadala. Fyuzi hailindi friji, inalinda waya usiwake moto pale unaposuguka mpaka shaba yake iguse chuma. Kwa sababu hiyo inakaa mwanzoni mwa waya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri, wala si ndani ya kabini karibu na friji kama nilivyoikuta kwenye magari mengi. Waya wa chaja una betri kila upande, na kila betri inaweza kuuchoma, kwa hiyo unahitaji fyuzi mbili: ya ampea 20 kwenye betri ya juu ya injini, na ya ampea 30 kwenye betri ya ziada. Waya wa friji wa milimita 4 upate fyuzi yake ya 15, na taa pamoja na redio fyuzi ya 10 kwa waya wa milimita 2.5. Katika waya wa friji ongeza kifaa cha kukata umeme betri ikishuka hadi volti 12 au chini yake kidogo, isipokuwa kama friji yako ina kitufe cha kuweka kiwango hicho.

Betri ya ziada ningeiweka nje, kwenye fremu, ndani ya boksi la chuma lenye kifuniko na matundu ya hewa, mbali na bomba la moshi na mbali na mipira ya breki. Ifungwe kwa mkanda wa chuma na nati mbilimbili. Barabara za kutolea mbao msituni unazijua kuliko mimi, na betri ya kilo 40 inayocheza ndani ya boksi lake itatoboka kabla hujamaliza kushuka Kitonga. Usiweke betri ya maji chini ya kitanda. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu inayolipuka kwa cheche moja ya swichi, na wewe unalala juu yake madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Ukilazimika kuiweka ndani, inunuliwe ile iliyofungwa isiyotiwa maji, na bado iachiwe tundu la kupumulia nje.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa magari madogo hatalifikiria. Kabini ya lori huinuliwa mbele injini inapofanyiwa kazi, na waya unaotoka kwenye fremu kwenda kabini ukivutwa moja kwa moja, siku ya kwanza ya kuinua utakatika au, kibaya zaidi, utachubuka kimyakimya na kukungojea. Upitishe pamoja na nyaya asilia za gari, ambazo zinapita pale kabini inapopinda, uuachie ulegevu, kisha uinue kabini mbele yako na ushike waya kwa mkono uone kama umekaza. Kabini hiyohiyo imekaa juu ya mipira na springi, kwa hiyo usitegemee bati lake kama njia ya hasi. Vuta waya wa hasi mnene uleule wa chanya hadi kwenye betri ya ziada, na hasi ya betri ya ziada iungwe kwenye fremu kwa bolti iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, halafu ipakwe grisi. Kila mahali waya unapotoboa bati uwekewe mpira wa tundu, na safari nzima upite ndani ya bomba la plastiki. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake. Kusokota na kuzungushia solotepu ni kazi ya kufikia nyumbani siku umekwama, si ya kukaa mwaka.

Siku ya kazi, vua pete na saa ya chuma. Fungua kwanza hasi ya betri ya chini, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umeme wote wa betri mbili utapita kwenye spana. Hapa karakanani tuna spana namba 13 iliyoyeyuka ukingo kwa namna hiyo, tumeitundika ukutani vijana waione. Unga kila kitu bila kuweka fyuzi, kagua, rudisha hasi mwishoni, ndipo uweke fyuzi mojamoja ukianzia ya betri ya ziada. Asidi ikikurukia, ni maji mengi papo hapo, na iliyomwagika kwenye boksi huuliwa na maji ya magadi mpaka iache kutoa povu. Uandike pia kwa rangi kwenye boksi kwamba gari lina betri ya tatu. Fundi wa kuchomelea atakayekuja kuunga tela miezi sita ijayo atafungua hasi za betri anazozijua, na ile asiyoijua itabaki imeunganishwa wakati anachoma.

Kwa foleni ya Tunduma, betri peke yake haitakufikisha siku ya tatu, na kunguruma kwa injini ili kuchaji friji ni kuchoma lita mbili au tatu za dizeli kwa saa kwa ajili ya soda baridi. Paneli moja ya sola ya wati 150 juu ya kabini, na kidhibiti chake kikiungwa moja kwa moja kwenye betri ya ziada kwa fyuzi yake, hutoa wati-saa 500 hivi siku yenye jua zuri. Hiyo ni sehemu kubwa ya zile 640, na betri inajazia pengo kwa siku tatu bila taabu. Ukungu wa Njombe na mvua za Tukuyu zitapunguza hesabu hiyo sana, lakini Tunduma wakati wa kiangazi jua lipo.

Chai kwa inverta, hapana. Birika la wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 linavuta ampea 90 na zaidi ukihesabu upotevu wa inverta. Kwa mzigo huo betri ya risasi inainama volti mara moja, inverta inapiga kelele na kukata, na waya wenyewe ungetakiwa uwe mnene kama wa stata. Nunua chupa nzuri ya chai, au uchemshe kwa jiko dogo la gesi ukiwa umeshuka chini. Ndani ya kabini iliyofungwa usiwashe jiko la gesi wala la mkaa, hata Makambako ikuumeje, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Na kama siku moja utahamishiwa lori la mafuta, maelezo yangu yote haya yaache: umeme wa gari la petroli haunyooshewi mkono na mtu asiye na idhini ya kazi hiyo.

Ukimaliza, pima mara tatu. Injini ikinguruma, betri mbili za injini zisome sawa, 14 na 14, zisipishane hata nusu volti. Betri ya ziada isome zaidi ya 13.5. Kipimo cha tatu kifanye asubuhi ya kwanza utakayolala Makambako, friji ikiwa imewaka usiku kucha, kabla hujapiga stata: jozi ya injini inapaswa kusoma volti 25 na pointi kidogo juu yake. Ikisoma chini ya 24.8 ilhali ulizima ikiwa imejaa, huenda kuna waya mmoja umebaki kwenye kile kiungo cha katikati. Anza kuutafuta nyuma ya redio, ndiko unakosahaulika mara nyingi.